Karatasi Sita na Karo ya Shule: Namna Taita Taveta Ilivyopiga Kura

Atakayeyatazama matokeo ya uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022 katika kaunti ya Taita Taveta kwa jicho la mtu aliyezoea kuamini kwamba mpiga kura huingia kituoni na chama kimoja moyoni na kutoka nacho, atastaajabu asijue ashike lipi aache lipi. Kwenye karatasi nyeupe ya urais watu wa kaunti hii walimpa Raila Odinga wa Azimio kura nyingi mno, na kwenye ya manjano ya useneta wakamrudisha Jones Mwaruma wa ODM. Lakini kwenye ya zambarau, ya mwakilishi wa wanawake, wakamrudisha Lydia Haika, ambaye safari hii alisimama kwa tikiti ya UDA, chama cha mpinzani wa huyo huyo Raila. Na kwenye ya buluu, iliyokuwa ya ugavana, wakavipita vyama vyote, vikubwa na vidogo, wakamchagua Andrew Mwadime aliyesimama bila chama, akawa mmoja wa magavana wawili tu wa namna hiyo katika kaunti 47, mwenziwe akiwa Kawira Mwangaza wa Meru. Karatasi ya kijani ya ubunge nayo haikukaa mahali pamoja: Voi ilimchukua Khamis Abdi Chome, Wundanyi ikamrudisha Danson Mwashako, na Taveta ikamtuma John Bwire, wote watatu wa Wiper, ilhali Mwatate ilimpa Peter Shake wa Jubilee.

Watu wa Nairobi, ambao hupenda kuieleza Pwani yote kwa sentensi moja, walisema kwamba huu ni ugeugeu; wengine wakasema ni ghadhabu za kura za mchujo, kwa kuwa mgombea aliyenyimwa tikiti huchukua huruma ya watu akaondoka nayo. Sikatai kwamba huruma ilikuwapo. Walakini huruma haielezi kwa nini mtu yule yule, katika dakika zile zile, nyuma ya kadibodi ile ile, atie alama kwa Raila kisha kwa mwanamke wa UDA, wala haielezi kwa nini desturi hii ni kongwe kuliko vyama vyenyewe. Maoni yangu, ambayo nitajaribu kuyatolea hoja, ni kwamba sehemu kubwa ya kura hii ni kura ya mzazi wa mwanafunzi: kwamba katika kaunti ambayo mvua haiaminiki na ndovu huvuna kabla ya mwenye shamba, karo ya shule ndiyo deni lisilokwisha katika nyumba, na kwamba kwa vile hakuna karatasi hata moja kati ya zile sita anazopewa mpiga kura inayomuuliza mwananchi juu ya shule, yeye hulitia swali hilo kwa nguvu ndani ya karatasi zilizotengenezwa kwa maswali mengine.

Kuna nchi ambazo huuliza waziwazi. Huko Marekani majimbo mengi yamegawanywa katika wilaya za shule, kila moja ikiwa na bodi yake ichaguliwayo na wakazi, na aghalabu siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura hukuta, chini ya majina ya wagombea wa urais na useneta, swali la iwapo anaridhia kodi ya nyumba yake iongezwe kiasi fulani ili shule za wilaya yake zijengwe au walimu wake walipwe. Hata kule ambako bodi ziliteuliwa kwa miaka mingi mambo yanageuka: Chicago, ambako meya ndiye aliyekuwa akiwateua, ilipiga kura ya kwanza ya kuchagua wajumbe wa bodi yake ya shule Novemba 2024. Sisemi kwamba utaratibu huo hauna aibu zake, maana wilaya ya matajiri hujitoza ikajijengea, na ya maskini hujitoza isipate cha kutosha chaki. Lakini angalau mzazi wa huko akikataa hujulikana amekataa nini.

Nasi tuliwahi kuukaribia mlango huo. Tangu yalipoundwa yale Mabaraza ya Wenyeji mwaka wa 1924, katika sehemu nyingi za nchi watu walijitoza kodi yao wenyewe, juu ya ile ya serikali, ili wapate shule zilizokuwa nje ya mkono wa wamisionari. Na katika miaka ya 1930 zikaja Bodi za Elimu za Wilaya, ambazo herufi zake za Kiingereza, DEB, zimebaki hadi leo katika majina ya shule nyingi za msingi ijapokuwa watoto wanaozisoma langoni hawajui maana yake. Kwa Wataita jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa shule iliwafikia mapema: wamisionari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka wa 1883, na mapadri wa Kikatoliki wakaanza Bura mwaka wa 1892, wala haikuchukua vizazi vingi kabla ya mlima kujaa makarani na walimu waliotawanyika mpaka Mombasa na Nairobi. Baada ya uhuru mabaraza ya kaunti, yenye madiwani waliochaguliwa, yalishika shule za msingi pamoja na zahanati na barabara; kisha ikaja sheria ya mwaka wa 1969 ya kuhamisha majukumu, na kuanzia Januari 1970 hayo yote yakatwaliwa na serikali kuu. Diwani aliyekuwa akiulizwa juu ya paa la shule akabaki kuulizwa juu ya soko na choo cha soko. Tangu siku hiyo mpaka leo hakuna aliyechaguliwa na watu wa Voi ambaye kazi yake kwa mujibu wa sheria ni kuendesha shule ya msingi.

Katiba ya 2010, ambayo wengi walidhani imerudisha mambo nyumbani, katika jambo hili haikurudisha ila pembe mbili za kitambaa. Jedwali lake la Nne liliiachia serikali ya taifa shule za msingi, za sekondari, mitaala, mitihani na vyuo vikuu. Kaunti ikapewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwalimu wa darasa la nne huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, ambayo haisimami mbele ya mpiga kura yeyote. Fedha za kila mwanafunzi, zilizopangwa kuwa shilingi 1,420 kwa mwaka katika shule ya msingi, 15,042 katika sekondari ya chini na 22,244 katika sekondari, hutoka Nairobi, na kila mwalimu mkuu atakuambia kwamba hufika zikiwa zimechelewa na zikiwa pungufu. Pengo lililopo baina ya ahadi hiyo na gharama halisi ya bweni, chakula na sare ndilo lililozaa mamlaka mengine yasiyotajwa katika Jedwali lolote, nayo ni mamlaka ya basari.

Hapa hapana budi kusimama kidogo, kwa sababu mtu asiyewahi kuijaza fomu ya basari hawezi kuifahamu siasa ya kaunti hii. Ni karatasi ya kurasa chache, hutolewa ofisini kwa mbunge au hurudufishwa kwa shilingi kumi dukani, nayo hutaka jina la mwanafunzi na namba yake ya usajili, hali ya wazazi, wako hai au wamefariki na hati ya kifo iko wapi, nakala ya kitambulisho, muundo wa karo na salio lililothibitishwa kwa muhuri wa mwalimu mkuu, sahihi ya chifu au naibu wake kwamba mwenye fomu anajulikana na ni mhitaji, na mara nyingi neno la padri, mchungaji au imamu. Mama wa Kasigau aliye na mtoto katika shule ya bweni huko Wundanyi atatumia nauli ya kwenda shuleni kuutafuta muhuri, nauli ya kurudi kwa chifu, na nauli ya Voi kuipeleka, kabla ya kujua kama jina lake litapita. Likipita, cheki huandikwa kwa jina la shule, si lake; na kabla haijafika shuleni hupita kwanza uwanjani, mbele ya turubai na vipaza sauti, ambapo mheshimiwa huishika juu ili ipigwe picha. Kiasi chenyewe pengine hakifiki robo ya karo. Lakini ni kiasi kilicho na uso na jina, na katika uchaguzi hilo si dogo.

Sasa tazama ni nani wenye fedha hizo. Mbunge anao mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, ulioasisiwa mwaka wa 2003 na kuandikwa upya kwa sheria ya 2015, ambao hupewa si chini ya asilimia 2.5 ya mgao wa serikali ya taifa katika mapato, hivi kwamba kila eneo bunge hupata zaidi ya shilingi milioni 100 kwa mwaka. Na ijapokuwa kisheria kamati ndiyo igawayo, hakuna mzazi ninayemfahamu asemaye kwamba amepewa na kamati. Mwakilishi wa wanawake anao mfuko wake, na basari humo zimo. Gavana na wawakilishi wa wadi wanayo basari ya kaunti, ishukayo mpaka kwenye wadi. Rais hana fomu. Seneta hana fomu. Basi ukiziweka karatasi zile sita katika mafungu mawili, zenye fomu na zisizo na fomu, utaona kwamba penye karatasi zisizo na fomu watu wa Taita Taveta hupiga kura kwa chama na kwa ukubwa wa mkondo wa Pwani, na penye zenye fomu hupiga kwa mtu.

Ushahidi wake si wa 2022 pekee. Naomi Shaban aliingia bungeni kutoka Taveta mwaka wa 2002 kwa tikiti ya KANU, wakati dhoruba ya NARC ilikuwa ikiing'oa KANU nchini kote; akarudi 2007 kwa KANU hiyo hiyo iliyokuwa imebaki mifupa; akarudi 2013 kwa TNA, na 2017 kwa Jubilee, mpaka alipoondoka mwenyewe mwaka wa 2022, karibu miaka 20, katika kaunti ambayo haikupata kumpa mgombea urais wake ushindi katika chaguzi mbili hizo za mwisho. Lydia Haika alipita 2017 kwa Jubilee na 2022 kwa UDA, mara zote mbili akiuogelea mto kinyume cha maji. Na Mwadime mwenyewe, kabla ya kuwa gavana asiye na chama, alikuwa mbunge wa Mwatate kwa vipindi viwili kwa ODM, yaani zaidi ya miaka tisa akiwa jirani wa mfuko na fomu zake. Alipokiacha chama, watu hawakumwona kuwa mgeni aliyetokea porini. Nasema haya bila kudai kwamba basari ilimweka mmoja wao kitini peke yake: Taveta ina kesi yake ya ardhi ya mkonge na maskwota, ambayo ni nzito kuliko cheki yoyote, na ukarimu wa mtu na ulimi wake vina soko lake pia.

Voi, kwa upande wake, ni kipimo kizuri kuliko maeneo bunge mengine matatu, kwa kuwa haifanani popote. Katika wadi zake sita, Kaloleni ni mji wa reli na lori, wenye kila kabila lililowahi kushuka garimoshi. Mbololo na Sagalla ni milima yenye makanisa ya zamani na shule za zamani. Ngolia na Marungu ni nchi kame zilizobanwa na hifadhi ya Tsavo, ambayo kwa jumla imechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti. Na Kasigau ni ulimwengu mwingine kabisa. Katika nchi hizo kame mtoto wa shule ya kutwa hawezi kutoka nyumbani kabla jua halijachomoza, kwa kuhofia ndovu, wala hawezi kubaki shuleni kusoma jioni; kwa hiyo bweni, ambalo mahali pengine ni anasa au ni desturi ya wenye nacho, huko ni ukuta wa kumkinga mtoto, na karo ya bweni huwa si jambo la hiari. Aliyepata kumsikia mzazi wa Ngolia akihesabu hatari hizo mbili, ya njia na ya deni, hatauliza tena kwa nini baraza la mgombea hugeuka mara moja kuwa baraza la basari, hata kama mgombea alikuja na hotuba ya madini au ya maji ya Mzima yanayopita kwenye mabomba kwenda Mombasa huku wenyeji wakiyatazama.

Kasigau nimeiita ulimwengu mwingine kwa sababu huko kuna mlipaji wa karo asiyegombea. Mradi wa kuhifadhi misitu ya ukanda ule, wenye makao yake Rukinga, umekuwa ukiuza hewa ya ukaa katika soko la dunia tangu mwaka wa 2011, na sehemu ya fedha zake hupitia kamati za wenyeji ikalipia karo. Mtu anaweza kuushuku mradi huo kwa mengi, na wako wanaoushuku. Lakini kwa mchunguzi wa kura ni neema, kwa kuwa unatoa mahali pa kulinganisha. Laiti mtu angekaa na hesabu za vituo vya Kasigau na za Ngolia, chaguzi tatu mfululizo, akaona kama mheshimiwa mwenye fomu ana nguvu zile zile mahali ambapo fomu yake si ya pekee, tungepata jibu lenye manufaa kuliko kelele zote za runinga usiku wa matokeo.

Ubaya wa kura ya namna hii hauko pale wanapouona wahubiri wa siasa safi. Wao husema mwananchi amenunuliwa. Mimi sioni ununuzi wowote mzazi anapomlipa kwa kura aliyemtoa mtoto wake nje ya lango la shule. Ubaya uko katika yale ambayo kura hiyo haiyafikii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliunda bodi ya usimamizi kwa kila shule, yenye wawakilishi sita wa wazazi au jamii, watatu wa mdhamini, ambaye Taita kwa kawaida ni kanisa, mmoja wa walimu, mmoja aliyeteuliwa na bodi ya elimu ya kaunti, mmoja wa makundi maalumu na mmoja wa wenye ulemavu. Bodi hiyo ndiyo inayojua kama fedha za maabara zilijenga maabara. Wale sita wa wazazi ndio kitu kilicho karibu zaidi na mjumbe wa bodi ya shule wa Marekani tulichobakiwa nacho, na huchaguliwa katika mkutano wa siku moja, aghalabu wa watu wachache, ambapo mwenye haraka ya kurudi shambani hupendekeza majina yale yale ya mkutano uliopita. Mgombea wa ubunge hukesha akiomba kura za eneo bunge zima. Mjumbe wa bodi ya shule yenye watoto 600 hupata kiti chake kwa kunyooshewa mikono na wazazi ambao huenda hawafiki 40.

Fauka ya hayo, yale makubwa yaliyoamuliwa juu ya shule baada ya uchaguzi hayakuwa kwenye karatasi yoyote. Mwezi wa Septemba 2022 Rais William Ruto aliunda jopo la kuitazama upya elimu, chini ya Profesa Raphael Munavu, nalo likashauri sekondari ya chini iwekwe katika shule za msingi. Januari 2023 watoto wa kwanza wa daraja la saba wakaanza, katika shule nyingi bila chumba cha sayansi wala walimu wa kutosha. Kwa mzazi wa Mbololo huo ulikuwa uamuzi mkubwa kuliko wowote uliofanywa na wale aliowachagua tarehe 9 Agosti, naye aliusikia redioni. Hata kalenda ya shule ilitii uchaguzi badala ya uchaguzi kutii shule: madarasa yalifungwa tarehe 2 Agosti ili yawe vituo, walimu wengi wakawa makarani wa kura, na tarehe ya kufungua ikasogezwa zaidi ya mara moja huku fomu 34A za matokeo ya urais zikiwa zimebandikwa kwenye milango ambayo watoto walikuwa waipite.

Jirani wa hayo ni ule mgogoro wa 2019, ambao wengi huukumbuka kama ugomvi wa watu wawili watatu wenye hasira. Gavana Granton Samboja alizozana na wawakilishi wa wadi juu ya bajeti, yeye akiona kwamba wanataka fedha za wadi ambazo sheria haiwaruhusu kuzishika, wao wakiona kwamba anawanyima wananchi maendeleo. Akaanzisha harakati ya kuomba kaunti ivunjwe, nao wakamwondoa kwa kura Oktoba mwaka huo, mpaka Seneti ilipomwokoa. Ukiuondoa ukali wa maneno, kilichokuwa kikigombewa ni nani atashika fomu. Mwakilishi wa wadi asiye na mradi wala basari hana la kuwaambia watu wa karatasi yake, ile ya hudhurungi, na bunge zima la kaunti lilikuwa likilijua hilo.

Mahakama sasa zimeingia katika jambo hili, na kwa namna ambayo itaugusa uchaguzi ujao, uliowekwa tarehe 10 Agosti 2027. Tarehe 8 Agosti 2022, siku moja kabla ya kura, Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya mfuko wa maeneo bunge ya 2013, ambayo wakati huo ilikwisha kubadilishwa na nyingine. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaibatilisha na hiyo ya 2015, ikiupa mfuko muda hadi 30 Juni 2026. Na Julai 2025 Bunge la Taifa, kwa wingi mkubwa, likapitisha mswada wa kubadili Katiba ili mifuko hiyo iwekwe humo isiguswe. Mwanzoni mwa 2025 ofisi ya Mdhibiti wa Bajeti ilikuwa imekwisha kuziambia kaunti zisilipe basari za shule ambazo si zao kisheria ila kwa mapatano na serikali kuu. Hoja ya wanasheria ni nyofu: mbunge ni wa kutunga sheria na kuchunguza, si wa kugawa. Lakini sijaona katika hukumu zote hizo mstari unaosema ni nani, baada ya mfuko kufa, atakayeulizwa na mama wa Kasigau.

Wagombea wa Voi wameanza kuzunguka. Nimewasikia wawili, mmoja akiahidi kuuhifadhi mfuko kama ulivyo na mwingine akiahidi kuuzidisha maradufu; hakuna aliyeahidi kuhudhuria mkutano wa kuchagua wale wajumbe sita wa bodi, wala kuwaambia wazazi tarehe yake, ijapokuwa mkutano huo utafanyika katika uwanja ule ule watakaohutubia wao.